Neva Yangu Ilirudi Nyumba ya Jirani

Ukinigusa ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kulia nikiwa nimefumba macho, nitakuambia umenigusa kidole cha shahada. Sitanii. Shosho yangu hunijaribu kwa ncha ya kalamu, jioni stima zikipotea na tukiwa hatuna la kufanya, na kila nikikosea anacheka mpaka anakohoa. Kisha ananyamaza na kuniuliza, "Sasa hicho kidole chako kilienda wapi, mjukuu wangu?"

Nimechukua muda mrefu kutafuta jibu la kumpa. Hili hapa.

Kisa chenyewe ni kifupi. Desemba 2021 nilikuwa naosha vyombo kwenye harusi ya binamu yangu. Nilikuwa nimesukuma mkono ndani ya gilasi, nazungusha sifongo, gilasi ikapasuka. Kidonda kilikuwa kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kidogo tu, hata watu waliniambia nifunge kitambaa niendelee. Lakini hospitalini daktari wa zamu alichukua pamba akanigusa vidole kimoja kimoja. Gumba, hakuna kitu. Shahada, hakuna. Cha kati, hakuna. Cha pete, nusu nahisi, nusu sihisi. Cha mwisho kilikuwa sawa. Akasema neva ya mediani imekatika. Nilishonwa kesho yake.

"Itamea," aliniambia. "Kama milimita moja kwa siku." Nilirudi nyumbani nikachukua rula ya shule, nikapima kutoka kwenye mshono hadi ncha ya kidole cha kati. Sentimita kumi na nane. Siku mia moja na themanini, nikajiambia. Miezi sita. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma historia. Sikuweza kuandika mitihani ya muhula ule, na kabla nijipange kurudia, pesa za karo zilikuwa zimeliwa na bili. Sikurudi tena. Sisemi haya ili unihurumie, nataka tu ujue nilikuwa nahesabu siku kwa sababu gani.

Miezi sita ilipita, ikawa mwaka. Hisia zikarudi, kweli. Lakini zilirudi vibaya. Kitambaa laini kilinichoma kama shoti ya stima. Shilingi kumi na shilingi ishirini sikuzitofautisha mfukoni. Na vidole vilikuwa vimebadilishana majina. Kwenye kliniki nilimweleza daktari, si yule wa kwanza, mwingine, mwenye foleni ya watu sitini nje ya mlango. Alinigusa, nikasema nahisi, akaandika kwenye faili kwamba nimepona. Nilipomwambia nahisi, ila mahali pengine, aliniangalia kama mtu anayetafuta ruhusa ya kukaa nyumbani. "Hayo ni mawazo tu," alisema.

Basi nikaanza kusoma, kwa simu, usiku, bando zikiwa rahisi. Kumbe mabishano kati yangu na yule daktari yana zaidi ya miaka mia moja na hamsini.

*

Tuanzie 1850, London. Daktari mmoja Mwingereza, Augustus Waller, alikata neva za ulimi wa chura kisha akaangalia kwa darubini kinachofuata. Aliona kwamba ule upande uliotengwa, ulio mbali na ubongo, unavunjikavunjika na kufa. Upande uliobaki umeshikana na seli yake unaishi. Hivyo neva ikishonwa haiungani kama kamba iliyofungwa fundo. Upande wa mbele unakuwa bomba tupu, na nyuzi mpya zinaanza kutambaa humo kutoka nyuma, polepole, zikitafuta njia. Ile milimita moja kwa siku ndiyo mwendo wa hizo nyuzi.

Miaka kumi na kitu baadaye Marekani ikaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na risasi zikaleta majeruhi wa neva wengi kuliko daktari yeyote alivyowahi kuona. Philadelphia kulikuwa na hospitali ya Turner's Lane, na mmoja wa madaktari wake alikuwa Silas Weir Mitchell. Yeye na wenzake wawili, Morehouse na Keen, walifanya jambo ambalo leo linaonekana dogo: waliwaandika wanajeshi walichosema. Waliandika kuhusu wanaume ambao mkono ulipona kwa macho lakini uliwaka moto ndani, hata wakatembea na chupa ya maji na sifongo ili ngozi isikauke, kwa kuwa mguso wowote mkavu ulikuwa mateso. Kitabu chao kilitoka 1864.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mitchell aliogopa kulisema wazi. Waliokatwa miguu na mikono walimwambia bado wanaihisi. Wanaihisi ikiwasha, ikikunja vidole, ikiuma. Unamwambiaje daktari mwenzako jambo kama hilo? Mitchell akalitoa kwanza kama hadithi ya kubuni. Mwaka 1866 jarida la Atlantic Monthly lilichapisha "The Case of George Dedlow", bila jina la mwandishi, kuhusu mwanajeshi aliyepoteza mikono na miguu yote minne. Baadhi ya wasomaji waliamini Dedlow ni mtu wa kweli, wakataka kumsaidia kwa pesa. Ni 1871 ndipo Mitchell alipoandika kwa jina lake mwenyewe na kukiita kiungo hicho mzuka. Nilipofika hapo niliweka simu chini kidogo. Daktari mwenye cheo aliona ni salama zaidi kusema ukweli wa wagonjwa wake kwa njia ya hekaya.

*

Sasa kuna Henry Head. Huyu nampenda na ananiudhi.

Head alikuwa daktari London mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, akishughulika na watu waliokatika neva. Aliwauliza maswali mengi kuhusu wanachohisi, na hakuridhika na majibu. Wagonjwa wa kawaida, aliona, hawana muda wala mafunzo ya kujichunguza hisia zao kwa makini unaotakiwa. Hapo ndipo ananiudhi. Lakini suluhisho lake halikuwa kuwapuuza. Tarehe 25 Aprili 1903, akiwa na miaka 41, alilala mezani akaruhusu wakatwe neva mbili za ngozi kwenye mkono wake mwenyewe wa kushoto, karibu na kiwiko, kisha zishonwe kwa uzi wa hariri.

Kwa zaidi ya miaka minne baada ya hapo alikuwa akisafiri kwenda Cambridge, chumbani kwa rafiki yake W. H. R. Rivers. Head anakaa, anafumba macho, anautoa mkono. Rivers anaugusa kwa pamba, kwa unywele, kwa sindano, kwa mirija ya maji ya moto na baridi, na kuandika kila neno. Walifanya hivyo siku 167. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Brain mwaka 1908.

Walichokiona kilikuwa hiki. Kwanza zilirudi hisia za kikatili, maumivu na baridi kali, zisizo na kipimo: sindano moja inasambaa mkono mzima na kumfanya aruke. Mguso mwepesi, ule wa kujua ni wapi hasa na ni nini, ulichelewa sana. Na katikati ya safari hiyo hisia zilikuwa zikipotea njia. Head akiguswa kwenye kigasha, hapo kati ya kiwiko na kifundo, alisikia mguso huo huko karibu na kidole gumba.

Nilisoma hilo mara tatu. Mwaka 1908! Daktari mzima wa London amekaa amefumba macho anakosea mahali alipoguswa, kama mimi na kalamu ya shosho.

Head na Rivers walieleza kwamba tuna mifumo miwili ya hisia, wa kale na wa kisasa, na ule wa kale ndio unaotangulia kurudi. Nadharia hiyo haikudumu. Mwaka uliofuata, 1909, Wilfred Trotter na Morriston Davies walichapisha matokeo yao baada ya kujikata neva wao pia, na hawakuiona hiyo mipaka miwili. Waingereza walikuwa wamepagawa kidogo, tukubaliane. Ila kuhusu hisia kuonekana mahali pasipo pake, hilo lilibaki.

Vita vikaja tena, na mwaka 1915 watu wawili waliokuwa pande zinazopigana, Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann, waligundua kitu kilekile bila kuambiana: ukigonga polepole juu ya neva inayomea, mgonjwa anahisi mwasho unaokimbia vidoleni, na pale unapoanzia ndipo nyuzi zilipofika. Neno la Kifaransa alilotumia Tinel linatokana na sisimizi. Fizio wangu alinigonga hivyo kila mwezi, na kila mwezi sisimizi walikuwa wamesogea mbele kama sentimita tatu. Ni kipimo kinachotia moyo sana. Ila kinakuambia tu nyuzi zimefika wapi. Hakikuambii zimeingia kidole gani.

*

Hadi hapo kila mtu alikuwa anaangalia mkono. Kuhusu ubongo, neno la mwisho lilikuwa la Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata Nobel mwaka 1906. Kazi yake kubwa kuhusu kufa na kumea kwa neva ilitoka 1913 na 1914. Cajal ndiye aliyeiona ile ncha ya uzi wa neva inayopapasa mbele ikitafuta njia. Lakini alipofika kwenye ubongo wa mtu mzima alihitimisha kwamba njia zake zimekwisha kuwekwa, hazibadiliki. Mwaka 1937 Wilder Penfield, huko Montreal, akachora ramani ya ubongo kwa kuugusa kwa umeme kidogo wakati wa upasuaji, wagonjwa wakiwa macho: hapa uso, hapa mkono, hapa mguu, kila kiungo na shamba lake. Mkono na midomo vina mashamba makubwa kupita kiasi. Watu wakaisoma ramani hiyo kama hatimiliki ya ardhi. Ukishapewa, ni yako milele.

Wewe na mimi tunaijua Nairobi, kwa hivyo hatuamini hatimiliki upesi hivyo.

Mwaka 1983 Michael Merzenich, Jon Kaas na wenzao walichapisha kazi yao juu ya kima wadogo wa Amerika waliokatwa neva ya mediani, yaani neva yangu. Walitarajia lile shamba la ubongo linalopokea habari za gumba na vidole vya jirani litakuwa kimya. Halikuwa kimya. Sehemu zake zilianza kujibu karibu mara moja, zikijibu mguso wa mgongo wa mkono, ambao neva zake zilikuwa nzima. Baada ya wiki kadhaa eneo lote lilikuwa limejaa majirani. Ni kama ploti ikiachwa wazi Kayole: asubuhi kuna mama wa mandazi, mwezi ukiisha kuna mabati, vinyozi wawili na kanisa.

Je, majirani waliingiaje haraka hivyo, wakati neva mpya haiwezi kumea kwa siku moja? Hapa ndipo vipokezi vinapoingia. Seli za ubongo huongea kwa kurushiana kemikali, na kila kemikali hutua kwenye kipokezi chake, kama ufunguo na kufuli. Kuna kemikali inayoitwa GABA ambayo kazi yake ni breki. Seli za shamba la kidole changu cha shahada zilikuwa tangu zamani na waya kutoka kwa majirani, ila breki ya GABA ilizinyamazisha. Neva ikikatika, breki hulegea. Watafiti walipochunguza ubongo wa kima waliokatwa neva walikuta GABA imepungua kwenye eneo lililonyimwa habari, na vipokezi vyake navyo vimebadilika. Sauti ambazo zilikuwepo siku zote zikaanza kusikika.

Hiyo ni hatua ya kwanza, ya siku ileile. Ya pili ni ya wiki na miezi, na inategemea vipokezi vingine, vinavyoitwa NMDA, ambavyo hupokea kemikali ya kuamsha iitwayo glutameti. Hivi ni vilevile vinavyotusaidia kujifunza: seli mbili zikiamka pamoja mara kwa mara, NMDA huukaza uhusiano wao. Vilipozibwa kwa dawa kwenye kima, hatua ya kwanza ilitokea kama kawaida lakini ya pili ilikwama. Maana yake ni kwamba ubongo wangu, wakati mimi nahesabu siku kwa rula, ulikuwa shuleni. Ulikuwa unajifunza kuishi bila vidole vyangu.

Halafu neva ikarudi. Timu hiyohiyo ya Kaas ilijaribu hilo pia. Kima ambao neva ilibanwa tu, ikafa lakini mabomba yake yakabaki mazima, ilipomea ramani ilirudi karibu kama mwanzo. Wale ambao neva ilikatwa ikashonwa, ramani ilirudi vipandevipande. Kidole kimoja kikawa na viraka viwili vitatu mbali mbali, na viraka vya vidole tofauti vikachanganyikana. Sababu ni rahisi. Neva ya mediani ina maelfu ya nyuzi, na hata mpasuaji hodari hawezi kuuelekeza kila uzi kwenye bomba lake. Uzi uliokuwa wa shahada unaingia bomba la kidole cha kati, unafika salama, unaguswa, unapiga simu nyumbani. Ubongo unapokea na kusema: hii ni namba ya shahada.

Kwa hivyo, shosho, kidole hakikuenda popote. Neva ilirudi ikaingia nyumba ya jirani, na huko juu bado wanaiita kwa jina la zamani.

*

Sitaki kupita bila kusema kuhusu hao kima. Mwaka 1981 polisi walivamia maabara moja huko Silver Spring, Maryland, na kuwachukua kima waliokuwa wamekatwa neva za hisia za mikono karibu na uti wa mgongo. Picha zao zilisababisha kesi na kelele za miaka kumi kuhusu haki za wanyama. Mwaka 1991 ikaripotiwa kwamba kabla ya kuuawa, baadhi yao walipimwa ubongo, na shamba lote la mkono lilikuwa limechukuliwa na uso. Zaidi ya sentimita moja ya ubongo, baada ya kama miaka kumi na miwili. Wanajeshi walitoa maneno yao, Head akatoa mkono wake kwa hiari. Hawa hawakuulizwa. Ninachokijua kuhusu kidole changu kimetoka kwao pia, na sijui niseme nini zaidi ya kukitaja.

Lakini kama ubongo ulijifunza vibaya kupitia vipokezi vyake, unaweza kufundishwa tena kwa mlango huohuo. Tangu miaka ya 1970 waliojitolea kwa mambo ya mikono wamekuwa wakiandika kuhusu mazoezi ya hisia: mgonjwa anagusa kitu akikiangalia, halafu amefumba macho, halafu akikiangalia tena, mpaka majina yakae sawa. Watoto hufaulu kutuzidi sisi watu wazima kwa mbali. Huko Malmö, Sweden, Göran Lundborg na wenzake waliongeza ujanja: wakapaka kigasha dawa ya ganzi kwa muda, ili jirani anyamaze na mkono upate nafasi kubwa zaidi ubongoni. Hisia za vidole zikaimarika.

Kwetu hakuna dawa hiyo ya kupaka, na fizio ni pesa. Kuna maharagwe na mahindi. Kila Jumapili shosho hunimwagia kwenye karai mchanganyiko wa githeri mbichi, ananifunga leso machoni, na mimi nachagua kwa vidole vitatu: mahindi kulia, maharagwe kushoto. Yeye ndiye refa. Akiniona nabahatisha ananipiga kofi mkononi, kisha ananiuliza ni kidole gani amepiga.

Nilirudi kwenye ile kliniki mwezi uliopita. Daktari alikuwa mwingine tena, kijana, pengine rika langu. Alisoma kwenye faili kwamba nimepona, akataka kunipita. Nikamwomba anigusie kidole nikiwa nimefumba macho. Alichukua kalamu. Nikamwambia, "Shahada." Hakucheka. Alinyamaza, akagusa tena, akauliza, "Na hapa?" Kisha akavuta faili, akakata lile neno, akaanza kuandika upya, nami nikimtajia polepole, kidole baada ya kidole.

Jumapili iliyopita, katika punje ishirini, nilipata kumi na tatu. Shosho anasema kumi na mbili, moja niliibia.